Ukumbi wa chini na simu ya matengenezo: tathmini ya huduma za mpangaji wa halmashauri nchini Uingereza

Huu ni mwaka wangu wa tisa katika nyumba ya halmashauri, kwenye jengo la ghorofa kumi na moja katika mji mmoja wa kaskazini mwa England, na katika muda huo nimezitumia karibu huduma zote ambazo mwenye nyumba wetu anawaahidi wapangaji wake: simu ya matengenezo, tovuti ya akaunti ya kodi, afisa wa upangaji, na ukumbi wa jumuiya ulio chini ya jengo. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu waliokabidhiwa funguo hivi karibuni au walio kwenye orodha wakisubiri, kwa sababu nilipoingia mimi hakuna aliyenieleza kipi kinafaa na kipi kinachosha, na miaka miwili ya mwanzo niliimaliza nikibisha hodi kwenye milango isiyohusika. Halmashauri yenyewe sitaitaja, kwa kuwa mengi ninayoyalalamikia nimeyasikia pia kwa wapangaji wa miji mingine. Sheria ninazozieleza ni za England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Nianze na hukumu yangu ili msomaji mwenye haraka asiikose. Ukumbi wa jumuiya na afisa wa upangaji ni huduma nzuri kweli, na ningemshauri kila mpangaji azitumie tangu wiki ya kwanza. Simu ya matengenezo ni dhaifu, na udhaifu wake hautokani na watu wanaoipokea, ambao wengi wao ni wapole, bali na namna ilivyoundwa: kila simu hushughulikiwa peke yake, kana kwamba kila nyumba imejengwa kwenye kiwanja chake. Sisi tunaishi juu na chini ya wenzetu. Maji yanayoharibu ukuta wangu yamekwisha kupita ukutani kwa jirani wa juu, na huduma isiyoweza kuliona hilo haiwezi kutibu ugonjwa, itaishia kufuta dalili.

Ndugu wanaotupigia simu kutoka nyumbani mara nyingi hudhani kwamba nyumba hizi hutolewa bure na serikali. Hazitolewi bure. Tunalipa kodi, ambayo kwa kawaida ni ya chini kuliko ile ya soko, na asiye na kipato cha kutosha husaidiwa kuilipa kupitia mafao. Historia yake ni ndefu. Liverpool ilijenga nyumba za aina hii mwaka 1869, na sheria ya mwaka 1919, iliyopitishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo iliyozipa halmashauri fedha na wajibu wa kujenga kwa wingi. Kwa mpangaji wa leo, jambo kubwa zaidi ni usalama wa makazi. Halmashauri nyingi humweka mpangaji mpya kwenye mwaka wa majaribio, na akiumaliza salama huwa mpangaji mwenye hifadhi kamili, yaani hawezi kuondolewa bila amri ya mahakama na bila sababu zinazotambuliwa na sheria. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kuogopa kulalamika. Nimekutana na majirani wengi, hasa waliokimbia vita, ambao hunyamazia dari inayovuja kwa kudhani kwamba anayelalamika hunyang'anywa funguo. Mtu hanyang'anywi nyumba kwa kudai matengenezo.

Sasa nieleze lililonikuta. Mwezi Januari 2022 nilisogeza kitanda cha mwanangu ili nifagie, nikakuta ukuta wa nyuma umejaa vidoa vyeusi, vidogo vidogo, vimetawanyika kama wino uliotikiswa kutoka kwenye kalamu. Karatasi ya ukutani ilikuwa imeachana na plasta, na nilipoibonyeza kwa kidole ilizama na kurudi taratibu. Ubavu wa godoro ulikuwa na unyevu. Nilinusa sare za shule zilizokuwa zimening'inia karibu na pembe ile, zikawa na harufu ya kitu kilichofungiwa stoo muda mrefu. Nikapiga simu ya matengenezo, nikasubiri kwenye foleni zaidi ya nusu saa, nikapewa nambari ya kumbukumbu pamoja na ushauri: nifungue madirisha, nisianike nguo ndani, nifunike sufuria ninapopika. Fundi alikuja baada ya wiki saba. Alifuta ukuta kwa dawa, akapaka rangi nyeupe juu yake, akaondoka ndani ya dakika arobaini. Ilipofika Novemba vidoa vilikuwa vimerudi palepale, na mimi nilikuwa nimepitisha kipindi chote hicho nikijilaumu kwa mvuke wa wali.

Lawama hiyo ya mvuke inaumiza, na ina historia ya kusikitisha. Mwezi Desemba 2020, huko Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki, na mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulithibitisha kwamba aliugua njia ya hewa kwa sababu ya kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi wake walikuwa wametoka Sudan, na walikuwa wamelalamika tena na tena kwa mwenye nyumba wao, ambaye alikuwa shirika la makazi ya jamii, yaani linalopangisha nyumba za kodi nafuu kama zifanyavyo halmashauri. Kifo hicho, pamoja na moto wa jengo la Grenfell mjini London tarehe 14 Juni 2017 ulioua watu 72, ambapo wakazi walikuwa wametoa tahadhari za usalama kwa miaka kabla ya janga, ndivyo vilivyozaa Sheria ya Udhibiti wa Makazi ya Jamii ya mwaka 2023. Kifungu kinachoitwa Sheria ya Awaab kilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Kwa mujibu wake, hatari ya dharura lazima ichunguzwe na kudhibitiwa ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye hatari kubwa lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi tangu mwenye nyumba apate taarifa. Mpangaji apewe muhtasari wa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kukamilika. Na kazi ya kuiondoa hatari ifanywe ndani ya siku 5 za kazi tangu uchunguzi ukamilike. Ikishindikana kuifanya nyumba iwe salama kwa muda huo, mwenye nyumba anapaswa kuipatia familia mahali pengine pa kukaa kwa gharama yake. Zihifadhi tarakimu hizo mahali unapoweza kuzisoma ukiwa na simu mkononi.

Tarakimu peke yake hazikutosha. Kilichotosha ni daftari.

Ukumbi wetu wa jumuiya ni chumba kirefu kilicho pembeni mwa lango la jengo, chenye madirisha yanayotazama maegesho ya magari, viti vya plastiki vya rangi mbalimbali na birika kubwa la umeme ambalo huchukua kama robo saa kuchemka. Hufunguliwa Jumanne na Ijumaa na chama cha wapangaji, yaani majirani wanaojitolea bila mshahara, na halmashauri hulipia umeme na kumtuma afisa wa upangaji kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Kwa muda mrefu nilipita nje ya dirisha lile nikidhani ni mahali pa wazee kucheza karata. Siku niliyoingia, mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa mji huu, aliniuliza ninaishi nyumba namba ngapi kabla hata ya kuniuliza jina, kisha akafungua daftari lenye miraba, lile la hesabu za shule, akaanza kuandika.

Daftari hilo nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa sijaona huduma ya halmashauri inayolifikia. Kila ukurasa una safu tano zilizopigwa kwa rula: namba ya nyumba, tatizo, tarehe ya kuripoti, nambari ya kumbukumbu iliyotolewa na simu ya matengenezo, na tarehe fundi alipofika. Safu ya mwisho mara nyingi huwa tupu, na pale palipo tupu yeye huweka nukta ya kalamu nyekundu. Nilipomtajia ukungu wangu, hakuniuliza kama ninafunika sufuria. Alirudisha kurasa nyuma, akaweka kidole kwenye namba moja, kisha nyingine, kisha ya tatu. Jengo letu lina nyumba sita kila ghorofa, kwa hiyo aliyeko juu yangu namba yake imezidi yangu kwa sita, na wa juu yake imezidi kwa kumi na mbili. Nyumba tatu zilizopangana moja kwa moja juu yangu zilikuwa zimeripoti unyevu kwenye chumba kilekile, kwenye pembe ileile, katika muda wa miaka miwili. Kila mmoja wetu alikuwa ameambiwa afungue madirisha. Simu ya matengenezo ilikuwa na taarifa zote nne kwenye kompyuta yake, lakini hakuna aliyekuwa amezisoma kwa pamoja.

Tuliandika barua pepe moja, wapangaji wanne, tukaambatanisha picha na nakala ya ukurasa wa daftari, tukaitaja Sheria ya Awaab kwa jina na tukasema ndani ya nyumba yangu kuna mtoto mwenye pumu. Hiyo ilikuwa Novemba 2025. Mkaguzi alifika siku ya nane ya kazi akiwa na kipima unyevu, kifaa kidogo chenye meno mawili ambacho hubonyezwa ukutani. Alianza kwangu, akapanda ghorofa baada ya ghorofa, na alipofika juu akatokea kwenye paa. Mfereji wa mvua ulikuwa umeziba kwa majani na udongo, na kiungio cha bomba la kushushia maji kilikuwa kimepasuka, hivyo kila mvua iliponyesha maji yaliteremka ndani ya ukuta kupitia nyumba zetu zote nne. Si mvuke wa wali. Nilikaa kitandani mwa mwanangu nikalia, na sioni haya kulisema hilo hapa, kwa sababu nilikuwa nimemkemea mtoto yule mara nyingi asioge maji ya moto muda mrefu.

Muhtasari wa maandishi ulifika kwa wakati, bomba likabadilishwa ndani ya wiki, na ukuta ukasafishwa kama inavyotakiwa. Kwa sehemu hiyo ninaipa halmashauri haki yake: ilipobanwa na sheria na kuonyeshwa ushahidi, ilitenda. Kilichobaki ni plasta ya chumba cha mtoto, ambayo ilibanduliwa ili ukuta ukauke na hadi ninapoandika haijarudishwa. Nitaeleza baadaye hatua niliyofikia.

Afisa wa upangaji ni huduma nyingine ambayo wengi hawaijui, au huiogopa kwa kudhani kwamba kazi yake ni kudai kodi tu. Ni kweli kwamba hufuatilia madeni, lakini kazi yake ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kumsaidia mpangaji abaki ndani ya nyumba. Mfano wangu ni bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, mzaliwa wa Barawa, pwani ya Somalia, anayezungumza Chimiini, lahaja ya huko, na Kiswahili na Kiingereza kidogo cha dukani. Sote wa asili ya pwani humwita Bibi. Siku moja aliniita kutoka mlangoni kwake, mkononi ameshika bahasha ambayo dhahiri ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena mara kadhaa.

"Mwanangu, nisomee polepole," aliniambia. "Na kama wanataka kunitoa, niambie sasa hivi, usinifiche."

Barua ilisema anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Chanzo chake kilikuwa barua nyingine ya kabla ya hapo, iliyomtaka athibitishe kipato chake ili msaada wake wa kodi uendelee. Hakuielewa, akaiweka kwenye droo pamoja na vipeperushi vya piza, na msaada ukasimamishwa. Nilimshusha ukumbini Jumanne iliyofuata. Afisa alipiga simu kwa mkalimani na kuweka spika, na mkalimani wa kwanza alipozungumza Kiswahili cha haraka kilichojaa maneno ya kiofisi, Bibi akanigeukia na kusema kwamba huyo bwana anasoma hotuba. Afisa aliomba mkalimani mwingine bila kukasirika. Katika saa moja na nusu walijaza fomu, wakaituma pale pale, wakaandika maombi ya kurudishiwa msaada wa miezi iliyopita kwa sababu ya kikwazo cha lugha, na afisa akaweka alama kwenye faili lake kwamba barua zozote kwa nyumba hiyo zifuatwe na simu yenye mkalimani. Deni lilifutika baada ya wiki chache. Hilo la alama kwenye faili ndilo ningependa kila msomaji aliombe kwa ajili ya mzee wake, kwa kuwa kuieleza barua moja ni msaada wa siku moja, ilhali kubadili namna ya kuwasiliana ni msaada wa miaka.

Kwa wapangaji wa umri wa kufanya kazi, msaada wa afisa huhitajika zaidi pale mtu anapoomba mafao ya Universal Credit kwa mara ya kwanza. Malipo ya kwanza huchukua takriban wiki tano kufika, na kodi haisubiri. Unaweza kuomba malipo ya awali, lakini ni mkopo utakaokatwa baadaye, kwa hiyo uliza utakatwa kiasi gani kila mwezi kabla ya kukubali. Mweleze afisa siku ileile unayoomba, usingoje barua ya deni. Na kama watoto wameondoka na umebaki na chumba cha ziada, fahamu kwamba tangu Aprili 2013 msaada wa kodi kwa mtu wa umri wa kufanya kazi hupunguzwa kwa kiasi cha asilimia 14 ya kodi kwa chumba kimoja kilichozidi na asilimia 25 kwa viwili au zaidi. Wapo majirani zangu walioingia kwenye deni kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza hesabu hiyo, wakadhani halmashauri imekosea.

Tovuti ya wapangaji inafaa kwa kuona salio la kodi na kupakua risiti. Kwa matengenezo haifai, kwa sababu inakulazimisha kuchagua tatizo kwenye orodha fupi ambayo mara nyingi tatizo lako halimo.

Narudi ukumbini, kwa sababu kuna jambo linalonisumbua na ambalo tathmini ya haki haiwezi kuliruka. Tangu sheria ya mwaka 1980 ilipowapa wapangaji haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo, majengo kama letu yamekuwa ya mchanganyiko. Baadhi ya walionunua waliuza, waliofuata wakapangisha, na leo kwenye korido moja unaweza kukuta mpangaji wa halmashauri, mmiliki aliyenunua zamani, na familia iliyopanga kwa mtu binafsi ikilipa kodi kubwa zaidi kwa nyumba yenye ramani ileile. Familia hiyo ya tatu haina afisa wa upangaji, haina namba ya simu ya matengenezo ya halmashauri, na mkaguzi alipopanda na kipima unyevu alipita mlangoni kwao bila kubisha. Ukumbi wetu huwapokea wote bila kuuliza nani anamlipa nani, na mama wa daftari huandika namba zao kama anavyoandika zetu. Mwaka jana lilitolewa wazo kwamba ukumbi utumike na wapangaji wa halmashauri peke yao. Wajumbe wa chama walilikataa, wakaeleza kwamba bomba linalovuja halichagui. Niliwaheshimu sana siku ile.

Lipo pia suala la wasiofika. Ukumbi humsaidia anayeshuka ngazi. Mgonjwa asiyeweza kutoka, mama mwenye watoto wadogo ambaye mume hataki achanganyike na watu, kijana anayefanya kazi usiku na kulala mchana, wote hao hawamo kwenye daftari. Ghorofa ya tisa kulikuwa na mzee aliyekaa majira mazima ya baridi bila joto kwa sababu kifaa cha kupashia kiliharibika na yeye aliona aibu kuomba. Aliyegundua ni mtoto wa jirani aliyepeleka kifurushi kilichoachwa mlango usio wake. Halmashauri hutakiwa kukagua vifaa vya gesi kila miezi 12, na nyumba zetu zingekuwa na gesi pengine fundi angemkuta. Jengo letu hutumia umeme mtupu. Tangu hapo chama kilianza zamu ya kubisha hodi, ghorofa mbili kila mwisho wa mwezi, na nimejiandikisha. Ningetamani halmashauri ilipie kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefunzwa, maana sisi tunabisha hodi kwa upendo lakini hatujui la kufanya tunapofunguliwa mlango na mtu ambaye akili yake imechoka.

Kuhusu malalamiko rasmi, nimejifunza kwa gharama. Kuripoti tatizo kwenye simu ya matengenezo ni ombi la huduma. Malalamiko ni kusema kwamba hukuridhika na namna ombi hilo lilivyoshughulikiwa. Kanuni za Ombudsman wa Makazi, yaani msuluhishi huru wa malalamiko ya wapangaji, ambazo tangu tarehe 1 Aprili 2024 zina nguvu ya sheria, hazikulazimishi kutumia neno lenyewe ili ulalamikaji wako uhesabiwe, lakini nakushauri uliandike wazi kwenye kichwa cha barua pepe, kwa sababu simu yangu ya mwaka 2022, pamoja na machozi yangu yote, iliingizwa kwenye kumbukumbu kama ombi la kupaka rangi. Baada ya hapo, halmashauri ina siku 5 za kazi kukiri kuyapokea malalamiko, kisha siku 10 za kazi kujibu hatua ya kwanza. Usiporidhika unaomba hatua ya pili, ambayo jibu lake linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi. Ukimaliza hatua hizo bila kuridhika unaweza kwenda kwa Ombudsman, bila malipo na bila wakili. Andika kila kitu. Ukizungumza kwa simu, tuma baada yake barua pepe fupi ukirudia mliyozungumza, yenye tarehe na nambari ya kumbukumbu, hata kama Kiingereza chako si kizuri.

Mara moja kila mwaka hupigwa simu za kuwauliza baadhi ya wapangaji kama wameridhika. Ukipigiwa, tafadhali usijibu kwa adabu ya nyumbani, ile ya kusema "tunashukuru" huku dari inadondoka. Tangu Aprili 2023 kila mwenye nyumba wa makazi ya jamii hutakiwa kukusanya vipimo 22 vya aina hiyo, 12 kati yake vikitokana na majibu ya wapangaji wenyewe, na wasimamizi wa serikali huyasoma majibu hayo pamoja na ukaguzi wao wanapompa daraja kuanzia C1, la juu kabisa, hadi C4. Bibi alipigiwa mwaka jana. Aliniambia alimjibu binti wa kwenye simu kwamba ameridhika na kila kitu, kwa sababu binti alikuwa na sauti ya upole na hakutaka kumhuzunisha. Nilimweleza kwamba majibu yake hayamgusi binti yule kwa lolote. Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba wakipiga tena atawaambia kuhusu lifti.

Kwa anayehamia jengo lolote la halmashauri, ningesema atafute chama cha wapangaji kabla hajafungua maboksi. Kama hakipo, amuulize afisa wa upangaji namna ya kukianzisha. Halmashauri nyingi zina mtu wa kusaidia jambo hilo na fungu dogo la fedha. Na kama hata hilo halipo, anunue daftari lenye miraba na awaulize wa juu na wa chini yake wanaona nini kwenye pembe za kuta zao.

Malalamiko yangu kuhusu plasta yamefika hatua ya pili, na siku ya ishirini ya kazi ni Alhamisi ijayo. Chumba cha mwanangu kimekauka, kimebaki tofali tupu upande mmoja, na yeye amechora kwa chaki meli kubwa kutoka dirishani hadi mlangoni. Kitanda bado hatujakirudisha ukutani. Namba ya nyumba yangu imo kwenye daftari, ukurasa wa kulia, na safu ya mwisho ina nukta nyekundu.